Chungu cha Uvunguni

"Umekasirika, shemeji," Boga alisema, akirudi nyuma kwa kila hatua aliyoipiga Mwanaima. "Mtu hamkasirikii mtani wake. Hapo tayari ninakudai kuku mmoja."

"Kuku utamtafuna na nini? Meno hutakuwa nayo."

"Na hilo la meno ni kuku wa pili."

Mwanaima alikuwa ameshika mwiko wa shughuli, ule wa kupakulia wali wa harusi, na aliuelekeza kifuani mwa Boga kama mwalimu anayeonyesha mahali kwenye ramani. Nyuma yake chungu kikubwa kilikaa juu ya mafiga, kimejaa vitunguu na bizari, kikingoja tui na kaa. Swabir, mumewe, alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi, kichwa amekiinamisha juu ya sinia. Kulia kwake alisimama mke, kushoto binamu, na tangu asubuhi alikuwa ameamua kwamba nazi haina upande.

Kisa kilikuwa sentensi moja. Katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuiandika na yeyote mwingine akairekebisha, ukurasa wa Mwachirau ulianza vizuri tu: kijiji cha pwani, kusini mwa Msambweni, wakulima na wavuvi, mikoko mingi. Kisha ukasema, bila kucheka: "Kwa mila, wakazi wa Mwachirau huficha chungu cha chakula uvunguni mwa kitanda mgeni abishapo hodi, na hukitoa baada ya mgeni kuaga."

Aliyeiandika ni Boga, na Mwanaima hakuhitaji kuambiwa. Chungu chenyewe kilikuwa chake. Alipokuwa bibi harusi wa juzi, nyumba haijapata jiko, alizoea kusukuma chungu cha mchuzi uvunguni kwa sababu ya paka wa jirani. Boga alipotoka kwao Bongwe kuja kumtazama shemeji mpya, aliona kifuniko kinamchungulia. Tangu siku hiyo hapakuwa na harusi wala matanga ambapo hakukisimulia chungu hicho. Mwanaima alicheka kila mara, akamjibu kwamba watu wa Bongwe huja matangani na mifuko mikubwa kuliko majonzi. Watu wakacheka tena. Utani ndivyo ulivyo, na aliyenuna ndiye anayetozwa.

Lakini Boga ni mlinzi wa jumba la wageni huko Diani, na lango lisiloingiwa na mtu humpa mlinzi muda mwingi wa kushika simu. Akajifunza kuandika katika kamusi. Mwanzoni kabisa, kabla hajajua kwamba kuna watu wanaoisoma, alitia chungu cha shemeji yake ili amcheke akija kukiona. Baadaye akawa mwandishi wa kweli humo, akaandika kuhusu ndege wa msituni, kuhusu soko la Ukunda, mambo ya maana. Chungu akakisahau.

Wengine hawakukisahau. Gazeti moja lilitoa makala kuhusu vijiji vyenye mila za ajabu, na mwandishi wake, ambaye hakuwahi kukanyaga Mwachirau, akainyanyua sentensi ya Boga neno kwa neno. Boga alipotaka kuifuta, mhariri mwingine akairudisha na kumuuliza kwa adabu kwa nini anafuta jambo lenye chanzo. Chanzo chenyewe kilikuwa gazeti lile.

"Kwa hiyo wewe uliliambia gazeti, na gazeti likakuambia wewe," Swabir alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu achukue nazi.

"Hasa, binamu."

"Haya." Akarudi kazini.

"Ninyi chekeni," Mwanaima alisema. "Dama amepiga simu tangu saa mbili."

Dama alikuwa na ofisi ndogo Ukunda, ndiye aliyekuwa akiwaletea wageni. Kikundi cha kina mama wa Mwachirau kilikuwa na daraja la mbao katika mikoko na jiko hili la Mwanaima, na wageni walitembea kwenye daraja ili wapate njaa ya kuja jikoni. Wageni wa leo walikuwa walimu wastaafu wa Nakuru, basi zima. Walimu ni watu wa kusoma kabla ya safari. Walikuwa wamesoma, wakakutana, wakakubaliana kwamba mila ya wenyeji ni lazima iheshimiwe, na kila mmoja akafungasha chakula chake.

Kundi lililopita nalo lilifanya vivyo hivyo, ila halikusema. Walikula biskuti wamesimama karibu na lango, na mama mmoja mtu mzima akageukia ukuta kula ndizi yake, ili asimwaibishe mwenyeji. Mwanaima alikuwa amesimama na sinia la samaki wa kupaka, akautazama mgongo wa yule mama hadi ndizi ikaisha. Sasa Dama alisema, tena kwa huzuni, kwamba walimu nao wasipokula, basi kuanzia mwezi ujao atawasimamisha wageni wake katika hoteli za Diani wapate kula huko. Na mtu akishashiba Diani, nani atamburuta hadi Mwachirau?

"Nimeshanunua mchele," Mwanaima alisema. "Kina Maimuna wa kikundi wako mikokoni wanatoa kaa. Niwaambie nini? Kwamba Boga alikuwa anacheka?"

Boga hakudai kuku wa tatu.

Twaiba, binti yao, alikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo cha ualimu. Tangu juzi alikaa barazani juu ya kitanda cha kamba, simu mkononi, akipigana vita ambavyo mama yake hakuvielewa vizuri ila alivifuata kama mpira wa redioni.

Mara ya kwanza aliandika kwamba Mwachirau ni kijiji chenye ukarimu kuliko vyote Afrika Mashariki, na chakula chake hakina kifani. Maneno hayo hayakukaa hata chai ikachemka. Yaliondolewa na mhariri yuleyule, aliyejiita Msomaji wa Pangani, akasema hizo ni sifa, si habari. Twaiba akayarudisha, na safari hii akatia ushahidi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msomaji wa Pangani akayaondoa tena. Methali, alisema, si chanzo.

"Huyu mtu ana kwao?" Mwanaima aliuliza. "Nipe namba yake."

Twaiba akamweleza kwamba hakuna namba. Hao ni watu wa kujitolea tu, kila mmoja na jina alilojipa, na wanazungumza kwa kuandika kwenye ukurasa wa majadiliano.

"Halipwi?"

"Halipwi, mama."

"Basi ana njaa. Mtu mwenye njaa haanzwi na ugomvi. Andika."

Akamtamkia. Assalaam aleikum. Habari za Pangani. Wazee hawajambo, watoto hawajambo, mvua zimenyesha? Twaiba alisema kule watu hawaandiki hivyo, huingia moja kwa moja kwenye jambo. Mwanaima akamwambia kwamba ndiyo maana hawaelewani. Kisha akaingia kwenye jambo: kwamba chungu ni utani wa shemeji yake, kwamba mila hiyo haipo, na kwamba leo adhuhuri basi zima linakuja kula chakula chake lenyewe katika ua wake.

Jibu lilikuja kabla Swabir hajamaliza nazi iliyokuwa mkononi. Waaleikum salaam, mama. Mvua zimenyesha, alhamdulillahi, na wazee wapo. Kisha Msomaji wa Pangani akaeleza kwa upole kwamba yeye hana upande. Kazi yake si kuamua nani mkarimu na nani bahili. Kazi yake ni kuuliza nani amesema, na amejuaje. Gazeti limesema. Iwapo watamwonyesha kwamba gazeti lenyewe lilinakili kutoka kwenye kamusi, basi litaanguka.

"Kwa nini asiandike tu ukweli?" Mwanaima aliuliza.

"Ukweli wa Mwachirau hajui, mama. Anajua nani kasema nini."

"Mwenzangu anafanana na kadhi," alisema Mwanaima, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kumpenda mtu.

Hapo Boga akajisogeza. Hili lilikuwa shamba lake. Kamusi, alisema, haisahau kitu: kila neno lililoongezwa au kufutwa lipo katika historia ya ukurasa, na siku yake, na jina la aliyeliweka. Sentensi ya chungu iliwekwa kabla gazeti halijatoka. Na zaidi ya hilo, siku ile aliyoiandika alikuwa na haraka, akakiweka kijiji kaskazini mwa Msambweni. Mtu mwingine alirekebisha baadaye. "Tazama gazeti linasema wapi."

Twaiba akatazama. Kaskazini.

"Wewe hata kwetu hukujui ni wapi," Swabir alisema.

"Nilikuja mara zote usiku, binamu. Mchana mnaficha chakula."

Mwanaima alikwenda kumimina tui ili asicheke mbele yao. Kina Maimuna wakaleta kaa ndani ya tenga, wakawaosha na kuwatia chunguni, wakaenda kuoga na kuvaa. Harufu ikabadilika uani, ikawa ile nzito ya nazi na bizari inayowafanya majirani wakumbuke kwamba wana jambo la kuja kuuliza. Twaiba alikuwa ametuma ushahidi wote, historia na kaskazini yake, akakaa akiutazama uso wa simu.

"Amekubali," alisema.

Alisoma kwa sauti. Gazeti limenakili kutoka kwetu, aliandika Msomaji wa Pangani. Mtu hawezi kuwa shahidi wa maneno aliyoyasikia kwako mwenyewe. Boga akainua mikono juu kama aliyefunga bao, na Mwanaima akapiga kigelegele kirefu, kuku wakatawanyika.

Twaiba hakuwa ameinua macho. "Mama, yapo mengine."

Gazeti hilohilo, mhariri aliendelea, ndilo chanzo pekee cha habari za Kisima cha Wareno. Likianguka kwa chungu linaanguka kwa kisima pia. Lakini ninyi ndio wenyeji. Ikiwa kisima kina ushahidi mwingine, mama aniambie tu. Neno lake nitalichukua, na habari itabaki pale tukiendelea kutafuta kitabu.

Swabir aliacha kukuna.

Kisima kilikuwa pale nyuma ya jiko, na mbele yake kibao chekundu: KISIMA CHA WARENO. Wageni hawakukipita bila kupiga picha. Kilichimbwa na Mzee Tembo, baba yake Swabir, mwaka ambao Swabir alianza chuo cha Kurani, na kuta zake zilijengwa kwa saruji iliyosalia kwenye hoteli moja ya Diani alikofanya kibarua, ambayo msimamizi alimpa kwa ridhaa yake. Miaka mingi baadaye mgeni mmoja alimkuta Mwanaima anapara samaki, akamuuliza kama kisima ni cha zamani. Mwanaima akasema ni cha zamani sana. Mgeni akauliza, cha Wareno? Mwanaima, magamba yamemjaa mikononi, akasema, "Nasikia." Kutoka "nasikia" hadi kibao hapakuwa mbali. Kutoka kwenye kibao hadi kwenye kamusi alikipeleka Twaiba mwenyewe, kwa agizo la mama yake, na gazeti likakizoa pamoja na chungu.

"Mimi ninaweza kusema nimekiona kitabu," Boga alisema polepole. "Kitabu cha Kireno. Nani hapa anasoma Kireno aje kuniuliza?"

Twaiba alimtazama mama yake. Mwanaima hakusema hapana. Alikuwa anafikiria basi. Dama alimwambia zamani kwamba mikoko iko kila mahali. Kisima ndicho kinachowapindisha wageni hadi Mwachirau. Chungu kiliwafukuza, kisima kiliwaleta, na sasa kulikuwa na mtu huko Pangani aliyekuwa tayari kufuta kimoja na kuacha kingine kwa neno lake.

Mzee Tembo akatokea nyuma ya jiko na ndoo ya maji, kofia amevaa upande.

"Shikamoo, Mreno," alisema Boga.

"Marahaba, mjomba. Mbona kimya? Amekufa nani?"

Boga akamweleza. Mzee akaweka ndoo chini, akacheka hadi akashika kiuno. "Wareno hao wananipa taabu," alisema. "Juzi mgeni mmoja alinikuta pale, akaniambia, Mzee, Wareno walikuwa mafundi kwelikweli. Nikamwambia asante."

Wote wakacheka, isipokuwa Mwanaima. "Kwa nini hukumwambia ni wewe, baba?"

"Uliniambia nisiharibu biashara, mwanangu."

Alilisema bila kinyongo, kama mtu anayekumbusha bei ya sukari. Ni kweli Mwanaima alimwambia. Zaidi ya hilo, siku za wageni alimwomba akakae barazani kwa jirani, asije akasahau na kujisifu. Na leo mzee alikuwa tayari amevaa kanzu yake ya kwenda kukaa kwa jirani.

Mwanaima akamgeukia Boga. "Unajua utani wako ulipotea wapi? Haukuwa na uso. Ukisema hapa ninakuona, ninakujibu, watu wanacheka. Kule hakuna aliyekuona ukicheka. Walimu watu wazima wameamka alfajiri wakafunga viazi."

"Ninajua, shemeji."

"Na mimi niliposema nasikia, nani aliniona?"

Chungu kilikuwa kinatokota.

"Angenitukana huyu mtu wa Pangani, ningemdanganya na usingizi ningelala," Mwanaima alisema. "Lakini amesema neno langu atalichukua. Twaiba, lete simu. Nionyeshe pa kubonyeza."

"Mama, kisima ndicho kinachowaleta."

"Nimekuuliza pa kubonyeza."

Alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kwa kidole. Twaiba alimfungulia ukurasa, akamwonyesha. Mwanaima akaanza na kisima. Alikifuta herufi kwa herufi, kwa sababu hakujua njia ya mkato na hakuna aliyethubutu kumfundisha, Wareno wakarudi nyuma mmoja mmoja hadi wakaisha. Halafu akafuta chungu. Halafu akamwambia Twaiba amwandikie yule bwana kwamba kisima ni cha baba mkwe, na kwamba akipita Msambweni asile njiani.

"Nitie kwamba babu ndiye aliyekichimba?" Twaiba aliuliza.

"Tia."

Boga akakohoa. Ilionekana inamuuma kusema. "Mtahitaji chanzo."

"Chanzo si huyu hapa?"

"Mjomba mwenyewe si chanzo, shemeji. Ataambiwa anajisifu."

Mzee Tembo alikuwa hajasikia jambo zuri kama hilo mwaka mzima. "Mimi si chanzo cha kisima nilichokichimba?" aliuliza, na akauliza tena, akimgeukia kila mmoja, na kila alipouliza walizidi kucheka, hata Mwanaima akalazimika kushikilia ukuta.

"Kamusi ikae bila," alisema alipopata pumzi. "Watakiona wakija."

Akaenda kisimani. Ukingoni palikuwa na kopo la mshubiri aliloliweka mwenyewe siku kibao kilipochorwa. Akaliondoa. Chini yake, katika saruji, palikuwa na alama ya kiganja cha mtu, vidole vimetanuliwa, na mwaka umeandikwa kwa kijiti. Akakisugua kwa maji hadi kikang'aa. "Baba, leo hukai kwa jirani. Utakaa hapa. Anayeuliza, mjibu. Anayesifu, mwambie asante."

Kisha akakishika kibao chekundu kwa mikono miwili, akakitikisa, kikatoka na udongo wake. Aliporudi jikoni alikiweka kifudifudi juu ya mguu, akakivunja pande mbili, akavisukuma vipande chini ya chungu. Mbao ilikuwa kavu. Moto ukaipokea mara moja, na mchuzi ukainuka.

Basi likasikika likihangaika na mchanga wa njiani. Mwanaima akavuta leso kwenye kamba, ile ya maua makubwa, akamrushia Boga.

"Faini yako. Jifunge. Wewe ndiye utakayewanawisha mikono, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja utamwambia nani aliandika."

"Na kuku zangu?" Boga aliuliza, huku akijifunga leso kiunoni.

"Wafuate uvunguni."

Sauti zikafika langoni, za watu wazima waliozoea kuongea mbele ya darasa na sasa wananong'ona. Kupitia ufa wa lango zilionekana mifuko, vikopo, chupa ya chai ya mtu. Wakasukumana kidogo nani aanze. Kisha mwanamke mmoja, kwa uangalifu mkubwa, kama anayeomba radhi kabla ya kosa, akasema, "Hodi?"

Swabir alimtazama mkewe. Boga, kwa mazoea ya miaka, akatupia jicho uvungu wa kitanda cha kamba.

Mwanaima alikamata kifuniko kwa ncha ya kanga, akakiinua chote, mvuke wa nazi ukapanda, ukaruka ukuta na kuwafikia kabla ya jibu lake.

"Karibuni," alisema. "Lango li wazi, na chungu pia."